Hemofilia: Mpango wa vituo ulivyopunguza vifo Marekani, na funzo lake kwa Kenya

MNAMO mwaka wa 2000, watafiti wa idara ya serikali ya Marekani inayosimamia udhibiti wa magonjwa, CDC, walichapisha matokeo ambayo madaktari wa damu walikuwa wameyatarajia kwa muda mrefu. Walikuwa wamechunguza wanaume 2,950 wenye hemofilia katika majimbo sita, kwa kutumia rekodi za kati ya 1993 na 1995. Ilibainika kwamba waliohudumiwa katika vituo maalumu vya maradhi hayo walikabiliwa na hatari ya kufariki iliyokuwa chini kwa asilimia 40 ikilinganishwa na ya wenzao waliotibiwa kwingineko.

Tofauti hiyo ilikuwa ya kushangaza kwa sababu waliokwenda vituoni ndio waliokuwa wagonjwa zaidi. Wengi wao walikuwa na hemofilia kali, na idadi kubwa ilikuwa na virusi vya Ukimwi au maradhi ya ini. Isitoshe, dawa zilizokuwa sokoni zilikuwa zile zile kwa makundi yote mawili. Kilichowatofautisha ni namna walivyohudumiwa.

Matokeo hayo yangali yanatajwa hadi leo kila panapojadiliwa jinsi ya kutibu maradhi adimu, na ni ya manufaa kwa nchi kama Kenya ambako dawa ni haba na wagonjwa wametawanyika.

Maradhi yenyewe

Damu huganda kwa ushirikiano wa chembe ndogo na protini kadhaa zinazoamshana moja baada ya nyingine, kama watu waliopanga foleni wakipokezana ndoo ya maji. Mmoja akikosekana, maji hayafiki yanakohitajika. Mtu mwenye hemofilia ya aina ya A ana upungufu wa protini nambari 8. Mwenye aina ya B amepungukiwa na protini nambari 9. Aina ya A ndiyo huwapata wengi zaidi, takriban wagonjwa wanne kati ya kila watano.

Wengi hudhani kuwa mgonjwa wa hemofilia hutokwa na damu kwa kasi kuliko watu wengine. Sivyo. Damu yake hutoka kwa kasi ya kawaida, ila huchukua muda mrefu kukoma. Kidonda kidogo cha ngozi si tishio kubwa. Hatari iko ndani ya mwili: katika magoti, vifundo vya miguu, viwiko, misuli na, baya kuliko yote, ndani ya fuvu la kichwa.

Damu inapoingia katika kiungo mara kwa mara, gegedu huliwa polepole hadi mifupa inasuguana. Kijana ambaye hakupata tiba anaweza kuwa kilema kabla ya kutimiza miaka 20.

Kasoro hii imo katika kromosomu ya X, ndiyo maana huwapata zaidi wavulana, ilhali mama ndiye huibeba na kuirithisha. Hata hivyo, takriban thuluthi moja ya visa hutokea katika familia ambazo hazijawahi kuwa na mgonjwa. Baadhi ya wanawake wanaoibeba kasoro hiyo pia huvuja damu kupita kiasi.

Kuna maradhi mengine ya kundi hili. Lililoenea zaidi ni lile lililopewa jina la daktari Erik von Willebrand wa Finland, aliyelieleza mnamo 1926. Hilo huwapata wanaume na wanawake sawa, na kwa wanawake huonekana kwa hedhi nzito na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua.

Tatizo la uchache

Ugumu wa kutibu maradhi haya unatokana na uchache wake. Hemofilia ya aina ya A hukadiriwa kumpata mvulana mmoja kati ya takriban 5,000 wanaozaliwa. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kufanya kazi miaka 30 na kukutana na wagonjwa wawili au watatu tu. Si kosa lake asipoyatambua maradhi hayo haraka.

Lakini kosa dogo linaweza kugharimu uhai. Aspirini, ambayo wengi huimeza kutuliza maumivu, huzidisha uvujaji. Sindano ya kawaida ya msuli inaweza kusababisha uvimbe mkubwa wa damu. Kung'oa jino bila maandalizi kunaweza kumfanya mgonjwa avuje damu kwa siku kadhaa. Mtoto aliyeanguka na kugonga kichwa anahitaji dawa kwanza, na picha za uchunguzi baadaye. Aliyezoea wagonjwa wengine anaweza kuupindua utaratibu huo.

Hapo ndipo haja ya vituo maalumu ilipojitokeza. Ujuzi ukikusanywa mahali pamoja, daktari na muuguzi huwaona wagonjwa wengi na kupata uzoefu ambao hauwezi kupatikana kila hospitali. Swali linalobaki ni jinsi ya kumfikia mgonjwa anayeishi kilomita 400 kutoka kituoni.

Sheria ya 1975

Hadi katikati ya karne iliyopita, tiba ilikuwa kumwekea mgonjwa damu au utegili wake, na kumlaza hospitalini kwa siku nyingi. Mabadiliko yalianza 1964, pale mtafiti Judith Graham Pool wa Chuo Kikuu cha Stanford alipogundua kwamba utegili uliogandishwa kwa baridi kali ukiyeyushwa polepole huacha mashapo yenye protini nambari 8 kwa wingi. Baadaye viwanda vilitengeneza unga wa protini hizo ambao mgonjwa angeweza kuuhifadhi katika jokofu, kuuchanganya na maji safi na kujidunga mshipani akiwa nyumbani.

Kwa mara ya kwanza iliwezekana kumtibu mgonjwa dakika chache baada ya kuumia. Lakini unga huo ulikuwa ghali, na familia zilihitaji kufunzwa namna ya kuutumia. Chama cha kitaifa cha wagonjwa kilichoundwa 1948 kilishawishi bunge la Congress, na mnamo 1975 ikapitishwa sheria iliyotenga fedha za serikali kuu kwa ajili ya vituo vya kutoa huduma kamili ya hemofilia.

Neno "kamili" ndilo kiini cha mpango huo. Mgonjwa hakutakiwa kuonwa na daktari wa damu peke yake. Kituo kilipaswa kuwa na muuguzi mratibu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mfanyakazi wa ustawi wa jamii na maabara inayoaminika, huku daktari wa mifupa, wa meno na mshauri wa masuala ya jeni wakiwa karibu. Angalau mara moja kwa mwaka mgonjwa angekutana na kikosi chote kwa siku moja, na mpango wa mwaka unaofuata ungeandikwa.

Matunda yake hayakuchelewa. Uchunguzi wa miaka mitano uliochapishwa 1984 na madaktari Peter Smith na Peter Levine ulionyesha kwamba siku ambazo mgonjwa alikosa kazi au shule zilipungua kutoka 14.5 hadi 4.3 kwa mwaka. Ukosefu wa kazi miongoni mwa watu wazima ulishuka kutoka asilimia 36 hadi 12.8. Nayo gharama ya matibabu kwa mgonjwa mmoja ilipungua kutoka dola 15,800 hadi dola 5,932 kwa mwaka, hasa kwa kuwa hakuhitaji tena kulazwa mara kwa mara.

Jinsi kanda zinavyofanya kazi

Vituo peke yake havingetosha. Marekani ni nchi kubwa, na kila jimbo lina sheria zake za afya. Kama kila kituo kingejitegemea, mgonjwa wa Wyoming, jimbo lenye watu wachache waliotapakaa katika eneo pana, hangepata huduma sawa na ya mkazi wa Boston au Philadelphia.

Kwa hivyo, vituo viliunganishwa kwa kanda. Leo kuna kanda nane na vituo zaidi ya 140. Katika kila kanda, taasisi moja hupokea ruzuku ya serikali kuu na kuigawia vituo vingine. Taasisi hiyo huwa na mkurugenzi ambaye ni daktari, pamoja na mratibu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuhakikisha vituo vinasaidiana.

Majukumu ya ofisi ya kanda ni ya aina nne. La kwanza ni mafunzo: wauguzi na wataalamu wa viungo kutoka vituo vidogo hujifunza kutoka kwa wenzao wenye uzoefu. La pili ni viwango: vituo hukaguliwa kwa vigezo vinavyofanana ili huduma isitegemee bahati ya mahali mtu alipozaliwa. La tatu ni takwimu, na la nne ni kuwafikia walio mbali.

Jukumu hilo la mwisho hutekelezwa kwa kliniki za kuzunguka. Kikosi cha kituo kikubwa husafiri hadi mji wa mbali mara chache kwa mwaka, huwaona wagonjwa wote wa eneo hilo kwa siku moja au mbili, kisha humwachia daktari wa hapo maagizo ya maandishi. Mgonjwa naye hupewa barua au kadi inayoeleza aina ya maradhi yake, dawa anayotumia na kipimo chake. Anapofika chumba cha dharura usiku wa manane, daktari wa zamu huisoma na kupiga simu kituoni. Katika mpangilio huu, hospitali ndogo haihitaji kujua kila kitu kuhusu hemofilia. Inahitaji kujua imwulize nani.

Uingereza pia ilifuata njia inayofanana. Wakurugenzi wa vituo vya hemofilia nchini humo waliunda shirika lao mnamo 1968, na rejista ya wagonjwa waliyoianzisha ni miongoni mwa kongwe zaidi duniani.

Pigo la Ukimwi

Mpango huo ulitikiswa vibaya mara moja, na nusura uporomoke. Unga wa protini ulitengenezwa kwa kuchanganya utegili wa maelfu ya watu. Mchangiaji mmoja aliyeambukizwa alitosha kuchafua chupa nyingi. Mnamo Julai 1982, CDC iliripoti visa vitatu vya wagonjwa wa hemofilia waliopatwa na maradhi ambayo baadaye yalijulikana kuwa Ukimwi. Kufikia wakati ambapo dawa zilianza kusafishwa kwa joto katikati ya mwongo huo, takriban nusu ya wagonjwa wote wa hemofilia nchini Marekani walikuwa wameambukizwa virusi. Wengine wengi walipata homa ya ini ya aina ya C.

Aliyejulikana zaidi ni Ryan White, mvulana wa jimbo la Indiana aliyegunduliwa kuwa na Ukimwi mnamo Desemba 1984 akiwa na umri wa miaka 13, kisha akazuiwa kuhudhuria shule. Alifariki Aprili 1990, na miezi minne baadaye sheria ya kugharimia huduma za Ukimwi ikapitishwa kwa jina lake.

Ni kweli kwamba tiba ya nyumbani iliyosifiwa na vituo ndiyo iliyokuwa njia ya maambukizi. Lakini vituo vivyo hivyo ndivyo vilivyojua wagonjwa walipo, vikawapima, vikawashauri pamoja na wake zao, na vikajifunza kuutibu Ukimwi kabla ya hospitali nyingi. Kutokana na msiba huo, CDC ilianzisha mnamo 1998 utaratibu wa kukusanya taarifa na sampuli za damu za wagonjwa kupitia vituo, ili hatari yoyote mpya katika dawa igunduliwe mapema. Dawa zinazotengenezwa kwa teknolojia ya jeni badala ya damu ya binadamu ziliidhinishwa kuanzia 1992.

Fedha na udhaifu wake

Ruzuku ya serikali kuu ni ndogo, na haiwezi kulipa mishahara ya kikosi kizima. Pengo hilo huzibwa na sheria nyingine ya 1992 inayoviruhusu vituo vinavyopokea ruzuku hiyo kununua dawa kwa bei iliyopunguzwa. Bima ya mgonjwa hulipa bei ya kawaida, na tofauti inayobaki hutumiwa kumwajiri muuguzi, mtaalamu wa viungo na mfanyakazi wa ustawi wa jamii.

Utaratibu huo umewezesha vituo vingi kudumu, lakini una kasoro yake. Mshahara wa anayemfundisha mtoto kuogelea kwa usalama unategemea mauzo ya dawa ghali. Bei ikishuka au mgonjwa akihamia dawa nyingine, kituo hutikisika.

Na dawa zinabadilika kwa kasi. Emicizumab, inayodungwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki, kwa wiki mbili au kwa mwezi, iliidhinishwa Marekani mnamo Novemba 2017 kwa wagonjwa ambao miili yao hukataa protini nambari 8, na mwaka uliofuata kwa wagonjwa wengine wa aina ya A. Mnamo Novemba 2022 iliidhinishwa tiba ya jeni ya hemofilia ya aina ya B iliyotangazwa kwa bei ya dola milioni 3.5 kwa mgonjwa mmoja. Dawa hizi hazijaondoa haja ya vituo. Atumiaye emicizumab hutoa majibu yasiyo sahihi katika baadhi ya vipimo vya kawaida vya damu, na aliyepewa tiba ya jeni sharti afuatiliwe ini lake kwa muda mrefu. Mtu asiyejua hayo anaweza kumdhuru mgonjwa.

Kenya iko wapi?

Kulingana na makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa 2019, watu wenye hemofilia wanapaswa kuwa takriban 21 kwa kila wanaume 100,000. Sensa ya mwaka huo ilihesabu wanaume milioni 23.5 nchini Kenya. Hesabu hiyo inaashiria wagonjwa wapatao 4,900. Waliotambuliwa na kusajiliwa ni sehemu ndogo tu ya hao. Waliosalia wamo vijijini wakiishi na magoti yaliyovimba bila kujua sababu, au walifariki utotoni na familia zikaamini ni laana.

Katika jamii nyingi nchini, maradhi haya hufichuliwa wakati wa tohara, pale kidonda cha mvulana kinapokataa kukauka. Hiyo ni njia ya kusikitisha ya kupata habari ambayo kipimo cha maabara kingeitoa mapema, hasa ikiwa mjomba au kaka yake alikuwa na tatizo kama hilo.

Huduma za kitaalamu zimejikita zaidi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Huduma ya Eldoret ilijengwa kwa ushirikiano na kituo cha hemofilia cha Indianapolis, katika jimbo lile lile la Ryan White, kupitia uhusiano wa miaka mingi baina ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Sehemu kubwa ya dawa hutoka kwa mpango wa misaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoanzishwa 1963 na Frank Schnabel wa Canada. Siku ya Hemofilia Duniani huadhimishwa Aprili 17, tarehe yake ya kuzaliwa.

Msaada huo unaokoa maisha, lakini dawa iliyomo katika jokofu la Nairobi haimfai mtoto aliyegonga kichwa Lodwar au Lamu. Tangu 2013, huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa serikali 47 za kaunti, huku hospitali kuu za rufaa zikibaki chini ya serikali ya kitaifa. Maradhi yenye wagonjwa wachache katika kila kaunti huponyoka kwa urahisi katikati ya ngazi hizo mbili. Kaunti yenye wagonjwa 15 haiwezi kutarajiwa kuanzisha kituo chake, lakini kaunti sita au saba zikishirikiana zinaweza kuwa na muuguzi mratibu, maabara moja inayopima protini nambari 8 na 9, rejista moja na nambari ya simu inayopokelewa usiku na mchana.

Mambo hayo manne si ya gharama kubwa yakilinganishwa na dawa yenyewe. Marekani ilianza nayo 1975, ilipokuwa na dawa duni kuliko zinazotolewa leo kama msaada kwa Kenya, na bado wagonjwa wakarudi shuleni na kazini.

Dalili za kuangaliwa

Mzazi anashauriwa kumpeleka mtoto kupimwa akiona alama kubwa za kuvilia damu anapoanza kutambaa au kutembea, kiungo kinachovimba na kupata joto bila kuumia, damu inayoendelea kutoka baada ya chanjo, tohara au kung'oka jino, au puani kwa muda mrefu. Msichana ambaye hedhi yake huzidi siku saba, au humlazimu kubadilisha sodo kila saa, naye apimwe.

Familia iliyo na historia ya wavulana kuvuja damu inafaa kumweleza daktari kabla ya mama kujifungua na kabla ya tohara kupangwa. Mgonjwa aliyekwisha kutambuliwa asitumie aspirini, asikubali sindano ya msuli bila ushauri wa wataalamu, na awe na karatasi yenye jina la maradhi yake, aina ya dawa na simu ya hospitali inayomhudumia. Anapogonga kichwa, asingoje maumivu yaanze ndipo atafute tiba.